Kuendesha Kipindi cha Kujifunza kwa Kikundi cha Watu Wazima: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayeombwa kuendesha kipindi cha kujifunza kwa watu wazima kwa kawaida huketi kwanza na kujiuliza atasema nini. Swali hilo limeharibu vipindi vingi, kwa kuwa humsukuma akusanye maneno mengi ya kumimina mbele ya watu, naye hujikuta amemaliza muda wote akizungumza huku washiriki wakiitikia kwa vichwa. Swali linalofaa kutangulia ni hili: washiriki watafanya nini katika muda huo, na wakishafanya wataweza jambo gani ambalo hawakuliweza walipoingia? Mwongozo huu unalifuata swali hilo tangu siku za maandalizi hadi wiki kadhaa baada ya kipindi. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja kote: kipindi cha saa mbili cha kuwafundisha watu wazima 20 huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila mtu mzima hulijia somo hili akiwa na jambo alilowahi kuliona au kulifanya, na baadhi ya mambo hayo ni ya hatari.

Uzoefu wa mshiriki ndio mahali pa kuanzia

Mwalimu Mjerumani Alexander Kapp alitumia neno andragojia mwaka 1833 alipozungumzia elimu ya watu wazima, lakini aliyelieneza ni Malcolm Knowles wa Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Knowles alieleza kwamba mtu mzima hutaka kujua sababu ya kujifunza jambo kabla ya kulishughulikia, hupenda kujiamulia, huja na hazina ya uzoefu, hujifunza kwa bidii pale maisha yanapomdai ujuzi huo, na huvutwa zaidi na tatizo la kutatua kuliko mada ya kupitia kwa mpangilio. Wako waliompinga wakisema kwamba watoto nao wana tabia hizo, na kwamba watu wazima wengi hawajazoea kujiongoza katika masomo. Naona hoja yao ina uzito, lakini suala la uzoefu halikwepeki kwa vyovyote.

Uzoefu huo una pande mbili. Mama aliyewahi kumuuguza mtoto aliyeungua anajua mambo ambayo hayamo katika maandishi ya mwezeshaji: jinsi mtoto anavyojikunyata, jinsi jirani wanavyotoa ushauri kumi kwa wakati mmoja, jinsi mikono inavyotetemeka. Pembeni yake ameketi mtu ambaye kwa miaka 20 amekuwa akipaka dawa ya meno kwenye kila jeraha la moto, na kila mara jeraha lilipona, hivyo haoni sababu ya kubadili. Mwezeshaji asiyeyatoa mambo hayo mezani huyaacha yakae kimya kichwani mwa mshiriki, na siku ya ajali ndiyo yatakayotumika, wala si maelezo yaliyosikika kwa saa mbili. Paulo Freire wa Brazil aliufananisha ufundishaji wa kumimina na kuweka fedha benki, ambapo mwalimu huweka na mwanafunzi hupokea na kutunza. Mwaka 1963, mjini Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha watu wapatao 300 kusoma na kuandika kwa takriban saa 40, wakianzia kwenye maneno yaliyotoka katika kazi na maisha ya wanafunzi wenyewe.

Hatua ya kwanza: Zungumza na baadhi ya washiriki kabla ya siku

Watafute watatu au wanne watakaohudhuria, uzungumze nao kwa dakika kumi kila mmoja. Usiwaulize wangependa kujifunza nini, kwa sababu watu wengi hujibu swali hilo kwa adabu tu. Waulize jambo lenyewe lilipowakuta mara ya mwisho walifanya nini, nani alikuwepo, na ni wapi walikwama. Majibu hayo yatakupa mifano, yatakupa maneno ambayo watu wenyewe hutumia, na yatakufichulia makosa yaliyozoeleka. Ulizia pia mambo ya kawaida ambayo husahauliwa: kama wote wanasoma kwa urahisi, kama yupo asiyesikia au asiyeona vizuri, kama wanakuja kwa hiari au wametumwa na wakuu wao, na kama watakuwa wametoka kazini wakiwa wamechoka. Kikundi kilichotumwa kinahitaji dakika chache zaidi mwanzoni za kuonyeshwa manufaa ya kukaa hapo.

Hatua ya pili: Andika lengo linaloonekana kwa macho

Vitenzi kama "kuelewa", "kufahamu" na "kutambua umuhimu" havifai katika lengo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuona kama vimetimia. Lengo linalofaa linasema mshiriki atafanya nini, katika hali gani, na kwa kiwango gani. Kwa mfano wetu: "Mwisho wa kipindi, kila mshiriki ataweza kuonyesha kwa mpangilio sahihi hatua za kumhudumia mtu aliyeungua mkono kwa maji yanayochemka, na kutaja mambo manne ambayo hayapaswi kufanywa." Ukisoma sentensi hiyo unajua tayari kwamba kutahitajika mazoezi ya vitendo, na kwamba maelezo marefu kuhusu tabaka za ngozi hayana nafasi.

Kwa saa mbili, malengo mawili yanatosha, na matatu ni mengi. Mtafiti Nelson Cowan alionyesha mwaka 2001 kwamba kumbukumbu yetu tendaji, yaani ile inayoshika mambo tunayoyafikiria wakati huo huo, hubeba vitu vipatavyo vinne tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ni kupunguza. Kupunguza huku kunauma, hasa kwa mtu anayeipenda fani yake, lakini kila jambo la ziada linaloingizwa huchukua muda wa mazoezi.

Hatua ya tatu: Buni kazi za washiriki

Hapa ndipo ninapomshauri mwezeshaji atumie nusu nzima ya muda wake wa maandalizi. David Kolb, katika nadharia aliyoichapisha mwaka 1984, alieleza kujifunza kama mzunguko: mtu hupitia tukio, hulitafakari, hutoa kanuni, kisha huijaribu kanuni hiyo katika tukio jipya. Mhadhara huanzia kwenye kanuni na mara nyingi huishia hapo hapo. Kazi iliyobuniwa vizuri humpitisha mshiriki katika mzunguko wote.

Tazama tofauti kati ya maagizo mawili. La kwanza: "Jadilini kuhusu majeraha ya moto na huduma yake." Kikundi kikipewa hilo kitazungumza kwa dakika 15, mwenye sauti kubwa ataamua, na karatasi itajaa maneno yasiyopingika. La pili: "Mtoto wa miaka mitatu amemwagikiwa maji yanayochemka kwenye mkono, sasa hivi, mbele yako. Mna kadi kumi. Zipangeni katika mafungu matatu: la kufanya mara moja, la kufanya baadaye, na lisilofanywa kamwe. Kadi isiwekwe mpaka wote wanne mkubaliane. Mna dakika 12." Kwenye kadi kumeandikwa mambo kama kumwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kuvua bangili, kuweka barafu, kupaka dawa ya meno, kupaka mafuta, kupasua malengelenge, kufunika jeraha kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi na kumpeleka hospitali. Agizo la pili lina hali halisi, lina uamuzi ambao watu watatofautiana juu yake, lina kitu cha kukamilisha kinachoonekana mezani, lina muda, na linamlazimu hata mkimya atoe kauli. Mambo hayo matano ndiyo ninayoyatafuta katika kila kazi ninayoiandika, na likikosekana moja huiandika upya.

Kisha ifanye kazi hiyo wewe mwenyewe, au mpe rafiki aifanye mbele yako, ukiwa na saa mkononi. Utagundua neno lenye maana mbili, kadi isiyo na jibu moja, au muda usiotosha. Kumbuka kwamba watu wanne wanaojadiliana huchukua karibu mara mbili ya muda anaoutumia mtu mmoja anayelijua jibu.

Mpango wa dakika 120 za mfano wetu unaweza kuwa hivi: dakika kumi za kufungua, tano za kila mtu kuandika peke yake alichowahi kuona au kufanya, 15 za kadi pamoja na maagizo yake, 20 za kulinganisha majibu mbele ya wote, kumi za maelezo ya mwezeshaji, 35 za mazoezi ya vitendo wawili wawili, 15 za kujipima, na kumi za kufunga. Maelezo ya mwezeshaji yamekuja baada ya watu kubishana, wakati ambapo wanayataka. Weka alama pembeni mwa sehemu unayoweza kuifupisha muda ukibana, na sehemu hiyo isiwe mazoezi.

Hatua ya nne: Andaa chumba

Fika mapema, uondoe mpangilio wa safu za viti zinazotazama mbele. Meza tano za watu wanne, au viti katika nusu duara, vinatosha. Maandishi kwenye bangokitita yasomeke na aliye mbali kuliko wote; keti mahali pake uhakikishe.

Hatua ya tano: Fungua kwa jambo linalomhusu kila mtu

Utambulisho mrefu wa vyeo na historia humaliza dakika 20 na kuweka watu katika madaraja kabla kazi haijaanza. Badala yake, waombe wawili wawili waelezane, kwa dakika tatu, tukio moja la mtu aliyeungua na jambo la kwanza ambalo waliokuwepo walilifanya. Kila sauti imeshasikika, na somo limeshaanza. Baada ya hapo soma lengo, eleza kwa nini lina manufaa kwao, na mkubaliane kanuni tatu za kikundi, zikitoka kwao. Nasisitiza tatu, kwa sababu orodha ya kanuni 12 haikumbukwi na yeyote. Pale ambapo mkuu wa kazi ameketi pamoja na walio chini yake, zungumza naye pembeni kabla ya kuanza, umwombe asiwe wa kwanza kujibu.

Hatua ya sita: Uliza, kisha nyamaza

Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika tafiti zake za miaka ya 1970, aliwachunguza walimu na kugundua kwamba wengi wao, wakishauliza swali, husubiri kwa sekunde moja hivi kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walioshiriki waliongezeka, na wanafunzi wakaanza kujibizana wao kwa wao. Utafiti huo ulifanywa kwa watoto, lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu wazima anajua kwamba jambo ni lile lile. Ukimya wa sekunde tano humtisha mwezeshaji zaidi ya unavyomtisha mshiriki, ambaye wakati huo anafikiri. Hesabu kimoyomoyo hadi saba. Ukihisi kwamba lazima useme, rudia swali kwa maneno yale yale, kwa kuwa ukilibadilisha utawalazimu waanze kufikiri upya.

Kwa maswali mazito, tumia utaratibu ambao Frank Lyman aliueleza mwaka 1981: kila mtu afikiri peke yake na aandike, kisha wawili walinganishe, kisha wachache waseme mbele ya wote. Mtu mwenye haya hupata nafasi ya kulijaribu jibu lake kwa jirani kabla ya kulitoa hadharani, na mwenye majibu ya haraka hulazimika kumsikiliza mwenzake.

Acha kabisa kuuliza "Mmeelewa?" au "Kuna swali?" Mtu mzima hatasema mbele ya wenzake kwamba hakuelewa. Uliza kitu kinachoonyesha: "Ukifika umkute mtoto ameshapakwa mafuta, utaanza na nini, na kwa sababu gani?"

Hatua ya saba: Simamia kazi za vikundi vidogo

Mhandisi Mfaransa Maximilien Ringelmann alichapisha mwaka 1913 matokeo ya majaribio yake ya kuvuta, yaliyoonyesha kwamba kadiri watu wanavyoongezeka katika kuvuta pamoja, ndivyo nguvu anayoitoa kila mmoja inavyopungua. Katika kujadiliana pia hali ni hiyo. Watatu au wanne ni idadi nzuri, na kikifika watu sita kikundi kitakuwa na wawili wanaozungumza na wanne wanaotazama. Usiwaache watu wajichagulie wenzao kila mara, la sivyo marafiki watabaki pamoja na fikra zile zile.

Toa maagizo yote kabla watu hawajahama, kwa sababu viti vikianza kuburutwa hakuna anayesikia. Yaandike ubaoni, kisha mwombe mshiriki mmoja aeleze kwa maneno yake kinachotakiwa. Zipite dakika mbili bila wewe kukikaribia kikundi chochote; waache waanze kwa shida yao wenyewe. Halafu zunguka polepole, ukisikiliza kuliko kusema. Ukiulizwa jibu, rudisha swali kwa kikundi: "Nyinyi wenyewe mmegawanyika vipi, na kila upande una sababu gani?" Andika katika daftari kauli mbili au tatu ulizosikia, hasa zile za makosa yenye mantiki, kwa kuwa hizo ndizo utakazozifanyia kazi baadaye. Watangazie wakisalia na dakika mbili.

Somo likiwa na sehemu kadhaa zinazotegemeana, unaweza kutumia mbinu ambayo Elliot Aronson na wenzake waliibuni mwaka 1971 huko Austin: kila mwanakikundi hupewa kipande chake cha maarifa, hukutana na wenye kipande kama chake ili wakimudu, kisha hurudi kuwafundisha wenzake. Ni mbinu nzuri, ila inahitaji muda mrefu na watu wanaosoma bila taabu.

Hatua ya nane: Linganisha majibu bila kuchosha watu

Sehemu inayoua vipindi kuliko zote ni ile ya vikundi vitano kuwasilisha, kimoja baada ya kingine, mambo yale yale. Kikundi cha tatu kikianza, wa kwanza ameshaacha kusikiliza. Kwa kadi zetu, watu wainuke wapite kwenye meza zote kwa dakika tatu, kisha uliza swali moja: "Ni kadi zipi zimewekwa mafungu tofauti?" Mnazungumzia hizo peke yake. Zile walizokubaliana kwa usahihi hazihitaji muda, na zile walizokosea wote kwa pamoja utazishughulikia katika maelezo yako.

Kuhusu makosa, heshima ya mtu mzima ni jambo la kulindwa kwa uangalifu, wala ukweli nao hauwezi kupindishwa ili kumfurahisha. Aliyeweka dawa ya meno katika fungu la kufanya mara moja ana sababu, nayo mara nyingi ni kwamba huleta ubaridi. Mwombe aitaje sababu hiyo. Kisha eleza utaratibu wenyewe: joto lililoingia mwilini huendelea kuharibu tishu hata baada ya maji ya moto kuondolewa, maji yanayotiririka hulichukua joto hilo na kuondoka nalo, ilhali dawa ya meno huleta hisia ya ubaridi bila kulitoa, hulificha jeraha lisionekane na mganga, na huweza kuingiza uchafu. Barafu nayo hupoza kupita kiasi na kuzidisha madhara kwenye ngozi. Bangili huvuliwa mapema kwa kuwa mkono utavimba. Maelezo ya namna hiyo humpa mshiriki sababu ya kubadili, naye hatoki akiwa ameaibishwa.

Mazoezi yanayofuata yafanywe kwa mikono, kila mtu kwa zamu, mwenzake akimtazama akiwa na orodha ya hatua. Usikubali mmoja aonyeshe na wengine watazame.

Hatua ya tisa: Kabiliana na yanayojitokeza

Anayezungumza sana huwa ana shauku, na kumkata hadharani humgeuza adui. Mshukuru, taja hoja yake kwa ufupi, kisha sema: "Sasa tuwasikie ambao hawajasema." Akiendelea, mpe kazi inayomtaka asikilize, kama vile kuandika hoja za wenzake ubaoni. Mkimya usimtaje ghafla kwa jina. Mpe nafasi katika wawili wawili, na ukipita usikie jibu lake zuri, mwombe ruhusa ya kulitaja mbele ya wote. Akiwepo mtu anayejua kuliko wewe, kwa mfano muuguzi, tangaza jambo hilo mapema na umwombe athibitishe au arekebishe unapofika sehemu yake.

Maswali mazuri yaliyo nje ya lengo yaandikwe kwenye karatasi ukutani yenye kichwa "Viporo", na yajibiwe mwishoni au baada ya kipindi. Ukiahidi kuyajibu, yajibu.

Hatua ya kumi: Waache wajipime wenyewe

Zikibaki dakika 25, vitu vyote vifunikwe na kila mtu aandike hatua kwa kukumbuka, au amweleze mwenzake kama hapendi kuandika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka katika saa za mwanzo, na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya siku kadhaa, waliojitahidi kukumbuka waliyosoma waliyashika vizuri zaidi kuliko waliosoma tena. Muhtasari wa mwezeshaji mwishoni, hata ukiwa mzuri, humfanya yeye ndiye anayekumbuka. Baada ya kuandika, wasahihishane kwa orodha ile ile ya mazoezi, kisha kila mmoja aseme jambo moja atakalolitengeneza nyumbani au kazini kwake wiki hiyo, kwa mfano kuhakikisha wenzake wote wanajua maji yanapatikana wapi.

Fomu ya kuuliza kama watu walifurahia kipindi ina manufaa madogo. Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kwamba tathmini ya mafunzo ina ngazi nne: walivyokipokea kipindi, walichojifunza, walivyobadilika katika utendaji, na matokeo yaliyopatikana. Fomu hiyo hugusa ngazi ya kwanza tu. Zoezi la kukumbuka limekupa ya pili. Kwa ya tatu, wapigie simu washiriki watano baada ya wiki mbili, na tena baada ya wiki sita, uwaulize maswali matatu: ni hatua zipi wanazikumbuka bila kusoma popote, wamemfundisha nani, na kama kulitokea ajali yoyote, walifanya nini kwanza. Yaandike majibu hayo pembeni mwa mpango wa kipindi, mbele ya kila kazi inayohusika. Hatua ambayo watatu kati ya watano wameisahau ndiyo itakayoongezewa muda wa mazoezi kikundi kinachofuata kitakapokuja, na kadi ambayo haikuzusha ubishi wowote itaondolewa ili kuupisha muda huo.